Masahihisho ya Tangazo la Saa Saba

Wasikilizaji wapendwa, ni saa saba na dakika tano mchana. Matangazo ya vifo mmeshayasikia. Kwa kawaida hapa ningewawekea muziki laini, nanyi mngeendelea na chakula chenu. Leo hakuna muziki. Leo nina masahihisho.

Wiki sita zilizopita, saa hizi hizi, nilisoma tangazo la kifo cha mtu mliyemjua kwa sauti kuliko kwa sura. Sisi kazini tulimwita Hakiki, na ninyi pia mkamzoea hivyo. Tangazo lile lilikuwa na kasoro. Kasoro haikuwa ya familia, wala ya aliyeandika. Ilikuwa yangu mimi niliyesoma. Nitawasimulia habari za Hakiki kwanza, halafu nitalisoma upya, lote, kama alivyotaka mwenyewe. Naomba mnivumilie. Mimi si mzoefu wa kusema mambo yangu redioni.

Hakiki alisoma matangazo ya vifo hapa kwa miaka ishirini na saba. Ishirini na saba, jamani. Alikuwa mfupi, ana kitambi cha heshima, na shati lake limenyooka hata siku ya mvua. Meza yake ilikuwa karibu na mlango wa studio. Juu yake palikuwa na vitu vitatu tu: simu ya mezani ambayo waya wake umejisokota, kalamu nyekundu, na rula ya mbao. Ile rula aliiweka chini ya kila mstari anaposoma, akaishusha polepole, ili asiruke mtu. Ikumbukeni rula hiyo, nitairudia.

Jina la Hakiki alilipata kwa sababu hakusoma tangazo lolote bila kupiga simu kwa wafiwa. Hata ulete karatasi yenye mihuri kumi, atapiga. Na maswali yake yalikuwa matatu. Jina la marehemu linatamkwaje? Kati ya watoto, mkubwa ni nani? Halafu la tatu, ambalo watu wengi hawakulitarajia: nani tumemsahau?

Hapo ndipo utasikia upande wa pili mtu anaguna. Kumbe kuna dada aliyeolewa mbali. Kumbe kuna mtoto wa nje. Kumbe kuna kaka waliyegombana naye, hawasemezani mwaka wa sita huu. Hakiki atasubiri hapo hapo na kalamu yake nyekundu mpaka huyo mtu aingizwe. Alikuwa akituambia kwamba mtu asipotajwa, ataulilia msiba peke yake chumbani.

Alikuwa na sheria nyingine moja. Kosa likisomwa saa saba, linasahihishwa saa saba, na sauti ileile iliyokosea. Hutumi mtu.

Mimi nilikuja kwake nikitokea upande wa mpira. Nilizoea kupiga kelele. Siku yangu ya kwanza kusoma tangazo la kifo, nilimaliza nikatoka studio nimejaa raha. Akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, humu hakuna goli." Basi. Nikajifunza kushusha sauti. Tangu siku hiyo akaniita mdogo wangu, nami nikamwita kaka, na mkewe nikamwita shemeji. Nilidhani ni mazoea ya kazini tu, kama wengi tunavyoitana.

Shemeji ni fundi cherehani. Mashati yote ya Hakiki alishona yeye. Mwaka jana, siku moja asubuhi, alikuwa anampima kwa ajili ya shati jipya. Akapitisha utepe wa kupimia shingoni. Kidole chake kikagusa kitu kigumu juu ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa chini ya shingo. Ukubwa wa punje ya harage, hakiumi. Hakiki akasema kola ikibana atafungua kifungo. Shemeji akamwambia kola haibani, vaa viatu twende hospitali.

Kile kivimbe kilikatwa kipande, kikapelekwa maabara. Majibu yakarudi. Ni saratani. Lakini daktari akawaeleza jambo ambalo hawakuwahi kulisikia. Ile saratani haikuanzia pale shingoni. Pale ilikuwa imehamia. Imeanzia mahali pengine mwilini, na mahali hapo hapajulikani. Na bila kupajua, ni vigumu kuchagua dawa, kwa sababu saratani ya mapafu ina dawa zake, na ya tumbo ina zake. Lazima watafute chanzo, na watafute upesi.

Hakiki akamwambia daktari, "Nakuelewa kabisa. Hata mimi sisomi tangazo bila kujua msiba uko wapi." Binti yake, ambaye ni mwalimu, alikuwepo. Ananiambia daktari alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaanza kuandika.

Wakatafuta. Eksirei ya kifua, hamna kitu. Ultrasaundi ya tumbo, hamna kitu. Siti skani, ile mashine inayomwonyesha mtu vipande vipande kama mkate, nayo hamna kitu cha kusimamia. Kamera ikapitishwa kooni mpaka tumboni. Hamna. Miezi miwili ikapita. Saratani ipo, ilipoanzia hapaonekani.

Ikabaki picha moja. Inaitwa peti skani, na mashine yake iko mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Nitawaeleza jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo kisa kilipo. Unachomwa sindano ya sukari iliyochanganywa na mionzi kidogo. Halafu unakaa saa nzima unasubiri, sukari isambae. Saratani ina uroho wa sukari. Inaila kuliko jirani zake. Ukiingizwa kwenye mashine, pale panapokula sana ndipo panapong'aa kwenye picha.

Lakini msuli unaofanya kazi nao unakula sukari. Kwa hiyo katika saa ile ya kusubiri kuna masharti. Usitembee. Usitafune. Usiongee. Rudieni nami, wasikilizaji wapendwa: usiongee. Mimi hilo la mwisho sikulijua.

Siku hiyo Hakiki alichomwa sindano saa nne asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha kuegemea, blanketi miguuni, chumba kidogo chenye pazia la kijani. Mhudumu akamwambia masharti, akatoka. Binti yake alikuwa nje, haruhusiwi kuingia. Simu ya Hakiki ilikuwa mfukoni. Alisahau kuitoa, au hakutaka, hilo siwezi kujua.

Mimi nilikuwa huku, kwenye meza yake. Lilikuja tangazo limeandikwa kwa mkono, herufi zinaparamiana. Lilisema seremala mmoja amefariki, na anayetoa habari ni kaka yake, fundi bomba. Namba iliyoandikwa nilipiga mara tatu, haipokelewi. Saa nne na robo. Saa saba ilikuwa mbali kabisa. Ningeweza kunywa chai, nikapiga tena. Lakini mimi nina kiherehere, mnanijua. Nikakumbuka seremala huyo aliwahi kututengenezea viti vya studio, na Hakiki ana daftari la namba za watu ambalo haliachi hata akienda msalani. Nikajua yuko hospitali anasubiri. Nikawaza, kama anasubiri si ana nafasi?

Nikampigia.

Akapokea kwa kunong'ona. Nikamwambia, "Kaka, paza sauti, sikusikii."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyabeba karibu mwaka mzima. Paza sauti, sikusikii.

Akapaza. Nikamsomea tangazo. Akaniambia nisubiri, atapiga mwenyewe. Akatoa daftari, akapiga namba ya nyumbani kwa yule seremala, ili azungumze na mjane. Simu ikapokelewa na mwanamume. Hakiki akatoa pole, akauliza jina la marehemu linatamkwaje. Yule mwanamume akatamka, kisha akauliza kwa nini anataka kujua jina lake.

Ndiyo. Aliyepokea ni marehemu mwenyewe. Seremala alikuwa hai, mzima wa afya. Aliyefariki ni kaka yake, fundi bomba. Binti wa fundi bomba ndiye aliyeandika lile tangazo, analia, akaweka majina ya ndugu hao wawili mahali pasipo pake. Ningelisoma vile, watu wangekwenda kumlilia mtu aliye hai, na mtoto asingesikia baba yake akitajwa.

Hakiki angeweza kukata simu hapo. Hakukata. Seremala alianza kulia, na Hakiki hakuwa mtu wa kumkatia simu anayelia. Akamsikiliza, akamjibu, akambembeleza, akamuuliza maswali yake yote, hata lile la tatu. Halafu akanipigia mimi, akanisomea tangazo jipya neno kwa neno. Jumla dakika arobaini. Mhudumu aliporudi alimkuta ananiambia weka nukta hapo. Akamuuliza kama ameongea muda mrefu. Hakiki akasema kidogo tu.

Mtu aliyewauliza watu maswali kwa miaka ishirini na saba, siku hiyo aliulizwa swali moja, akajibu ovyo.

Picha ikatoka. Koo linawaka. Pale kwenye nyuzi za sauti panang'aa kweli kweli, na kivimbe kiko shingoni hapo karibu. Kila daktari aliyetazama aliona mambo yamekamilika: chanzo ni koo. Walifurahi, na sisi tukafurahi. Jamani, tulifurahi kwa sababu saratani imepata kwao. Mimi nilinunua keki, nikaileta kazini.

Wakamlaza, wakakata kinyama kooni. Safi. Hakuna saratani. Wakasema labda wamekosa mahali penyewe, wakasubiri kidonda kipone, wakakata tena. Safi. Sauti yake ikapotea wiki tatu, akawa anatuandikia vikaratasi. Wiki tisa zikaenda hivyo. Tisa. Mpaka daktari bingwa wa picha, mwanamke mmoja mtaratibu sana, alipoitoa ile picha upya, akaitazama, akampigia Hakiki mwenyewe, akamuuliza, "Baba, ile saa ya kusubiri ulikuwa unafanya nini?"

Hakiki akamjibu kwa sauti iliyobaki, "Nilikuwa kazini."

Akarudia kipimo. Safari hii binti yake alichukua simu na daftari, akavitia kwenye mkoba wake. Saa nzima Hakiki alikaa hasemi. Picha ikatoka, koo ni giza tupu. Na nyuma ya tumbo, kwenye mkia wa kongosho, palikuwa na doa dogo linang'aa. Kongosho ndiko ilikoanzia. Bingwa akaeleza kwamba hata kwenye picha ya kwanza doa lilikuwepo, ila hafifu, na macho ya wote yalikuwa yamevutwa na koo.

Binti ndiye aliyenieleza yote haya, bila kujua ananieleza mimi ni nani katika kisa hicho. Nilitoka pale moja kwa moja hadi nyumbani kwa Hakiki. Shemeji alikuwa anashona sebuleni. Nikasimama mlangoni nikamwambia Hakiki kwamba aliyepiga simu ni mimi, na aliyemwambia apaze sauti ni mimi, na wiki tisa zimepotea kwa ajili yangu. Cherehani ikasimama.

Hakiki akanitazama kama ile siku ya goli. Akasema, "Wewe ulipiga. Mimi nilipokea. Yule bwana yuko hai na kaka yake alitajwa. Sasa unataka tusahihishe kipi hapo?"

Akaniambia nikae, shemeji akaniletea maji. Yakaishia hapo kwao. Kwangu hayakuisha. Nilimtafuta yule bingwa wa picha, nikamuuliza kama zile wiki tisa ndizo zitakazomuua. Hakunidanganya. Alisema dawa ingeanza mapema. Alisema saratani ya kongosho ni kali, na ilikuwa imeshasafiri mpaka shingoni tangu mwanzo. Angeishi zaidi muda gani, hajui, na hakuna anayejua. Nilitaka aniambie ni wewe, au aniambie si wewe. Hakuniambia lolote kati ya hayo.

Dawa zilisaidia. Ziliposhika, Hakiki alirudi kusoma, sauti ina mikwaruzo, shati linampwaya. Mlimsikia. Mlituma salamu nyingi. Alisoma wiki kumi na moja, na rula yake. Halafu siku moja alisoma hadi katikati ya ukurasa, akaniita kwa kidole, akanipa rula. Nikamalizia. Hakurudi tena studio. Alifariki nyumbani, asubuhi, shemeji akiwa pembeni yake.

Tangazo lake aliliacha tayari. Siku ile ya picha ya pili, alipotoka kwenye mashine, alimwambia binti yake atoe karatasi. Ile saa nzima ya kukaa kimya alikuwa analitunga kichwani. Akamsomea, binti akaandika, pale pale kwenye benchi la korido. Mahali pamoja aliacha wazi. Ni pale ilipoanzia saratani, kwa sababu siku hiyo walikuwa hawajaambiwa. Alisema hataki kusomewa "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Wametafuta mno, acheni watu wajue ni wapi. Na alisema waombolezaji watajwe kwa kazi zao, majina wanajuana wenyewe. Walipomaliza, binti akamuuliza lile swali la tatu. Baba, nani tumemsahau? Anasema baba yake alicheka, akafikiri, akaongeza mstari mmoja.

Siku ya kifo nilimpigia shemeji, nikamuuliza maswali yote matatu, akanijibu. Karatasi ikaletwa. Saa saba nikaingia studio. Nilikuwa na rula, wasikilizaji wapendwa. Rula ilikuwa chini ya mstari ule, nikausoma kwa macho, nikashindwa kuutoa mdomoni. Nikashusha rula. Msidhani niliruka kwa bahati mbaya. Nilijiona sistahili.

Shemeji huwa anafuatilia kwa kidole kwenye nakala yake. Alinipigia siku hiyo hiyo, akaniambia nimeruka mstari. Nikamwongopea kwamba karatasi ilikunjamana. Mazishini nilikaa nyuma kabisa. Yule seremala alinijia, akanishika mkono, akaniambia, "Mimi ndiye yule marehemu wako." Akanipa pole. Nikamwambia pole ampelekee mjane, mimi ni mfanyakazi tu. Wengi wenu pia mmenipa pole, dukani, njiani, na wote nimewajibu hivyo hivyo.

Juzi shemeji alikuja hapa ofisini. Hakukaa. Aliweka nakala yake mezani, akasema, "Mume wangu alisahihisha matangazo ya watu wote. La kwake ndilo limebaki na kosa." Akaondoka.

Kabla sijasoma, nawaomba mambo machache. Ukigusa uvimbe usiouelewa, nenda ukaonwe, hata kama hauumi. Mtu wako akienda kupigwa picha, muulize masharti yake, uyashike pamoja naye. Akiambiwa anyamaze, mwache anyamaze, hata kama unamtaka sana. Na leo mkikaa nyumbani, jiulizeni lile swali la tatu la Hakiki. Jiulizeni kwa dhati, kila mmoja ana mtu wake.

Sasa nasoma. Rula iko hapa.

"Tangazo la kifo. Hakiki, msomaji wa matangazo ya vifo wa redio hii, amefariki dunia kwa saratani iliyoanzia kwenye kongosho." Hilo neno la kongosho limeandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine. "Anaombolezwa na mkewe, fundi cherehani. Binti yake, mwalimu. Mwanawe, fundi umeme. Dada yake mkubwa, mkulima. Na mdogo wake, mtangazaji wa redio hii. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Mwisho wa tangazo. Nimehakiki.

Shemeji, pole sana. Mwalimu, na wewe fundi wa umeme, poleni kwa kumpoteza baba. Dada wa marehemu, ninajua unasikiliza ukiwa shambani, pole. Na ninyi wasikilizaji wapendwa mlionipa pole nikazirudisha, nisameheni. Leo nazipokea. Nimefiwa na kaka yangu.